Sindano Haitengenezi Mayai

Anayeanza kuzalisha kambare huuliza kwanza habari ya dozi ya homoni: nimchome jike kiasi gani? Ana haki ya kuuliza, ila kwa maoni yangu swali hilo linatangulizwa mno. Kazi kubwa ya homoni kwa samaki jike hufanyika wiki nyingi kabla mtu hajashika bomba la sindano.

Ubongo huiamuru pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, imwage homoni mbili kwenye damu. Ya kwanza huziamsha ovari, yaani viungo vya mayai, nazo hutoa estradioli, homoni ya kike. Estradioli ikifika kwenye ini, ini huanza kutengeneza vitelojenini, protini inayobebwa na damu hadi kwenye mayai ikawa kiini. Kwa hiyo chakula cha kwanza cha kifaranga kinatoka kwenye ini la mama yake, na ini linatoa katika kile mama alichokula. Jike aliyelishwa vibaya hana cha kuweka akiba.

Homoni ya pili huja mwishoni, kuyakomaza mayai na kuyaachia. Hapo ndipo kambare wa bwawani hukwama. Porini angengoja mvua, maji yapande yafunike majani ya kando. Bwawani maji hayapandi. Dopamini, kemikali ya ubongoni, huendelea kuibana pituitari, mayai yaliyokwisha kujaa hukaa tu, mwishowe mwili huyafyonza. Ndiyo maana baadhi ya dawa za kuchoma zina vitu viwili: homoni bandia ya kuiamsha pituitari, na domperidoni ya kuizuia dopamini. Kabla ya hapo ilitumika pituitari yenyewe. Mwanasayansi Houssay wa Argentina aliwachoma samaki kwa pituitari za samaki wenzao mwaka 1930, na Wabrazili wakaifanya njia ya uzalishaji miaka michache baadaye. Hadi leo wapo wanaopasua fuvu la kambare, wakatoa kipunje hicho na kukisaga kwenye maji ya chumvi.

Sindano basi inamalizia tu. Mlaze jike, mbonyeze tumbo taratibu kuelekea mkia. Aliye tayari ana tumbo laini, na mayai machache yanayotoka yanalingana ukubwa. Huyo mchome, maji yakiwa nyuzi 25, baada ya saa 11 au 12 utamkamua mayai. Mayai yakiwa madogo kwa makubwa, mrudishe bwawani ale. Kumchoma ni kumtesa bure.

Ukuaji nao uko hivyohivyo, na hapa pananivutia kuliko pote. Homoni ya ukuaji hutoka pituitari hiyohiyo, huenda kwenye ini, na ini hutoa homoni nyingine, IGF-1, inayokuza misuli na mifupa. Samaki akishinda njaa ungetarajia homoni ya ukuaji ishuke. Hupanda! Ila ini limeacha kuiitikia, IGF-1 imeshuka, na samaki amedumaa huku damu yake imejaa homoni ya ukuaji. Anayetafuta dawa ya kukuza samaki wasiokula vizuri aanze na chakula, maji na msongamano. Samaki waliobanana au kushikwashikwa kila mara hutoa kotisoli, homoni ya msongo, nayo hurudisha nyuma ukuaji na uzazi vyote viwili.

Kwa perege kuna homoni ya kiume, methiltestosteroni, inayochanganywa kwenye chakula cha vifaranga kwa wiki tatu au nne za mwanzo ili wote wawe madume. Faida yake naikubali: jike hutamia mayai mdomoni na siku hizo hali chakula, kwa hiyo dume humpita mbali kwa uzito. Ninachokipinga kwa nguvu ni kuyafungulia maji ya vifaranga hao yaingie mtoni.

Kiasi kidogo sana cha homoni kinatosha kuharibu. Kuanzia mwaka 2001 watafiti nchini Kanada walitia kwenye ziwa dogo la Ontario homoni bandia ya kike, ile ya vidonge vya uzazi wa mpango, kiasi cha nanogramu 5 hivi (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa lita. Hiyo ni homoni tofauti na ya perege, lakini tazama kilichotokea: maini ya madume nayo yakaanza kutengeneza vitelojenini, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani humo. Anayelisha vifaranga homoni awe na tangi lake la kutuamisha maji, yasafishwe humo kabla ya kutoka. Asiye nalo asianze kwanza.