Kipande cha kumi na moja: toleo 1.5 la Infinity Nikki

Mama yangu ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea Mabatini, hapa Mwanza, na gemu si vitu vyake. Jioni moja nilimpa simu atazame gauni moja tu. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka pindo likajaa kioo kizima, akanyamaza. Kisha akasema, "Hii solo imekatwa na mtu anayejua. Na bitana wameweka! Nani anahangaika kuweka bitana kwenye picha?"

Gemu yenyewe ni Infinity Nikki. Ilitoka tarehe 5 Desemba 2024 kwa simu, kompyuta na PlayStation 5, na kuipakua ni bure. Watengenezaji ni Papergames wa China, ambao nje ya nchi yao wanatumia jina la Infold. Binti aitwaye Nikki na paka wake Momo wanazunguka nchi ya Miraland, na humo nguo ndizo zana za kazi: ukivaa hili unaelea hewani, ukivaa lile unavua samaki, jingine ni la kukamata wadudu, jingine la kumsugua mnyama manyoya. Mwongozaji wake, Kentaro Tominaga, alikuwa Nintendo akifanya kazi kwenye gemu za Zelda, na kweli ukipanda mlima wa Miraland ukatazama bonde chini unaona mkono wa mtu aliyezoea kujenga dunia pana. Mapigano ni machache sana. Unaokota maua, unapiga picha, unabadilisha nguo.

Kwangu hili si jambo dogo. Vibanda vya gemu ninavyovijua mimi, kuanzia Nyegezi mpaka Buzuruga, ni mpira na ngumi. Vijana wamejaa, makelele, na msichana akisimama mlangoni wote wanageuka kumtazama. Sasa ikaja gemu yenye gharama kubwa, ya dunia wazi, iliyojengwa kwa kudhani tangu mwanzo kwamba anayecheza ni binti na kwamba kupenda nguo si upuuzi. Ndiyo maana naijadili kwa uzito. Kitu unachokipenda ndicho kinachokuuma kikienda kombo.

Mwishoni mwa Aprili 2025 likaja toleo 1.5, na siku hizohizo gemu ikaingia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Lilileta mambo mawili ambayo wachezaji walikuwa wakiyaomba kwa muda mrefu: kucheza pamoja na rafiki, na kupaka nguo rangi upendavyo. Yote mawili ni mazuri, nasema bila kusita. Hilo la rangi hasa. Kabla yake, ukitaka vazi la nyota tano, yaani la daraja la juu kabisa, katika rangi ya pili ilibidi ukusanye vipande vyake vyote upya, kama mtu anayenunua gauni mara mbili ili apate la bluu na la pinki. Na hata huo mfumo mpya hauachii rangi zote kwa mkupuo, unazifungua kidogokidogo kwa vitu ulivyokusanya. Lakini mlango ulifunguliwa.

Tatizo ni kwamba pamoja na huo mlango kuna nguzo ziliyumba. Gemu ikawa inakwama na kujizima kwa wachezaji wengi duniani, hasa kwenye simu. Mwanzo wa hadithi nao ukabadilishwa. Zamani Nikki na Momo walikuwa darini, wanalikuta gauni linalong'aa, linawavuta hadi Miraland. Ni mwanzo ambao mtoto yeyote aliyewahi kufungua sanduku la nguo za bibi yake anauelewa. Mahali pake wakaweka mwanzo mwingine, kwenye bahari ya nyota, na mchezaji mgeni akajikuta katikati ya jambo asilojua limetoka wapi. Kazi ilikuwa imeshafanyika, imependwa, ikaondolewa. Sijaona sababu ya kuridhisha.

Halafu kipande cha kumi na moja. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ugomvi wenyewe ulipo.

Vazi la nyota tano haliuzwi zima. Linatoka kwa bahati nasibu, ule mtindo ambao Wajapani wanauita gacha, kipande baada ya kipande: nywele, viatu, hereni, sketi, soksi. Kila mvuto, yaani kila mara unapojaribu bahati, ni almasi 120, na almasi ndiyo fedha ya humo ndani, unaikusanya kwa kucheza au unainunua. Ukiwa na bahati kipande kinatoka mapema, ukikosa bahati unahakikishiwa kimoja katika kila mivuto 20. Mavazi makubwa yalikuwa na vipande 9 au 10, na wachezaji wasiolipa walishajipanga kwa hesabu hiyo, wanaweka akiba wiki hata miezi. Toleo 1.5 likaja na mavazi ya vipande 11. Piga hesabu ya aliyekosa bahati kabisa: kutoka mivuto 200 hadi 220, yaani kutoka almasi 24,000 hadi 26,400. Hizo 2,400 za ziada kwa mwenye kadi ya benki ni ununuzi mmoja, kwa asiyelipa ni jioni nyingi za kuokota maua.

Nilimweleza mama. Akaacha kukanyaga cherehani. "Mteja nikimwambia gauni ni elfu thelathini, siku ya kuja kuchukua siwezi kumwambia mikono inalipiwa peke yake." Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaniuliza upande wa pili: "Lakini si ulisema ni bure? Mtu kakupa bure, unamdai nini?"

Swali lake ni zito na lazima lijibiwe. Dunia ile inatengenezwa na watu wanaolipwa mishahara, kwa Unreal Engine 5, programu ya kujengea gemu, na kila baada ya wiki kadhaa wanatoa toleo jipya. Fedha lazima itoke mahali. Hadithi unaimaliza bila kununua hata shati moja, kwa sababu mavazi ya lazima unajishonea mwenyewe ndani ya gemu kwa michoro na malighafi. Hakuna wa kukupiga kwa sababu gauni lake ni ghali kuliko lako. Kwa hiyo anayesema "kama hutaki usinunue" hajakosea kabisa. Mimi mwenyewe nimepata saa nyingi za raha humo kwa gharama ya bando tu.

Ila bando nalo ni fedha. Gemu hii kwenye simu inachukua zaidi ya GB 10, na toleo kubwa linadai mzigo mpya. Anayecheza kutoka Igoma au ng'ambo huko Sengerema analipa kabla hajafungua chochote, na simu yake si ya bei mbaya. Toleo linapotoka halijaiva, wa kwanza kuachwa njiani ni mwenye simu ya kawaida. Na muda pia ni malipo. Mtu aliyeweka akiba ya almasi miezi miwili kwa kuamini vazi ni vipande kumi alikuwa na makubaliano na gemu, hata kama hayakuandikwa.

Lipo na jambo la bahati nasibu lenyewe. Mashine za dubwi tunazijua, na sheria ya Tanzania hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Ubelgiji mwaka 2018 waliamua kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya baadhi ya gemu, unayolipia kabla ya kujua kilichomo, ni kamari. Siziweki kapu moja dubwi na Nikki, kwa kuwa huku kuna kikomo na kila mvuto unakupa nguo fulani. Lakini ile hali ya "kimoja tu, kimebaki kimoja" ni ileile, na vazi lililokosa kiatu linauma kuliko vazi usilokuwa nalo kabisa. Kuongeza kipande cha 11 ni kurefusha hayo maumivu kwa makusudi ya kuuza. Hapo ndipo nasimama na waliogoma.

Maana waligoma kweli. Wachezaji wa China na wa kwingineko, ambao kwa kawaida hawazungumzi lugha moja, waliacha kununua na wengine wakaacha kabisa kufungua gemu. Huko Steam maoni ya wachezaji yakawa mabaya kwa wingi. Infold wakaomba radhi hadharani mwezi Mei, wakatoa fidia ya mivuto ya bure na kuahidi kurekebisha hitilafu. Kuomba radhi kulikuwa sahihi, na wangeweza kukaa kimya. Ila fidia ya mivuto ni kumpa mtu tiketi zaidi za bahati nasibu ileile aliyoilalamikia. Ningependelea bei iandikwe waziwazi: vazi hili zima, kiasi hiki, chukua au acha. Kwa bei ya wazi wangeuza hata huku kwetu, kwa sababu tumezoea kupatana bei kwenye masoko ya Makoroboi na Mlango Mmoja, tunajua kusema "hapana, asante" na kuondoka.

Bado nacheza. Sinunui almasi. Kila Jumamosi namfungulia mama gauni moja, analizungusha mbele na nyuma, anauliza zipu imekaa wapi. Wiki iliyopita alikuwa na kitenge cha mteja mezani, chaki mkononi, ananiambia nisiizime simu kwanza, hajamaliza kuhesabu marinda.