Nyimbo Nane Shingoni

Mwaka 2005 nilikuwa mtu wa kutembea na kitu shingoni. Si cheni wala hirizi. Ilikuwa MP3: kidude cha plastiki cha kusikilizia muziki, chenye rangi ya fedha, hakizidi kidole gumba kwa urefu, kinaning'inia kwenye kamba nyeusi. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 45,000. Mke wangu anajua ni 15,000, na naomba mambo yabaki hivyo hivyo.

Muuzaji alinipata kwa maneno. "Mzee, hii ina megabaiti 128. Nyimbo thelathini zinaingia, hazina mkanda, hazikwaruzi." Mimi ni mtu wa kaseti, jamani. Nimekulia upande A na upande B. Nimezungusha mkanda kwa peni ya Bic mpaka kidole kikaota sugu. Nimeshuhudia redio ikimeza kaseti ya harusi yangu mwenyewe mbele ya wageni. Kusikia habari ya muziki usio na mkanda nikatoa hela kabla hajamaliza sentensi.

Hesabu nilikuja kuifanyiwa baadaye, na kijana wa kafe ya intaneti, kwa sababu kumbe kidude hakijiwekei nyimbo chenyewe. Dakika moja ya muziki inakula kama megabaiti moja. Mzungu wimbo wake ni dakika nne: nakupenda, umeniacha, kwaheri. Thelathini zinaingia na nafasi inabaki.

Sasa lete taarab. Dakika ya nne mwimbaji hata hajasogea kwenye kipaza sauti, vinanda ndio kwanza vinapiga hodi. Dakika ya saba anaanza kumsema jirani. Dakika ya kumi jirani amekwisha, sasa zamu ya wifi, na akina mama wamesimama kwenda kutunza, hapo nani atathubutu kukata? Dakika kumi na tano. Muziki wa dansi ndio usiseme, maana maneno yakiisha ndipo watu wanaanza kazi. Sebene halina haraka na mtu.

Kwa kifupi nilinunua nyimbo thelathini, zikaingia nane.

Kijana akanishauri tuzibane, tushushe ubora nusu, ziingie kumi na sita. Tukabana. Mke wangu akasikiliza kwa sikio moja, akauliza, "Huyu dada anaumwa?" Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa la maji anaomba kamba. Kijana akaanza kunielimisha kwamba MP3 ni ufundi wa Wajerumani, taasisi inaitwa Fraunhofer, na walihangaika miaka kutafuta namna ya kutupa zile sauti ambazo sikio la mtu halizikamati. Nikamwambia sikio walilopimia ni la Mjerumani. Langu mimi linakamata, na kilichotupwa ni besi. Tukarudi kwenye nane.

Akanituliza kwamba waliotangulia walipata tabu zaidi. Za kwanza kutoka, mwaka 1998, ile MPMan ya Korea na Rio ya Marekani, zilikuwa na megabaiti 32. Nikapiga hesabu: taarab mbili. Moja ya kwenda kazini, moja ya kurudi. Na ile Rio, makampuni ya muziki ya Marekani yalikimbilia mahakamani kuizuia isiuzwe, yakaja kushindwa kwenye rufaa mwaka 1999. Yaani watu wazima wenye tai wanafikishana mbele ya hakimu kwa ajili ya taarab mbili! Wangepita Kariakoo siku moja wakaona kaseti zinavyorudufiwa pale, wangeomba maji ya kunywa.

Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Marekani na iPod, ile ya mwanzo ya 2001. Jigabaiti 5, nyimbo elfu moja, na ilipotoka iliuzwa dola 399. Akaiweka mezani kama mtu anayeweka funguo za gari. Nikamuuliza, humo kuna taarab? Hakuna. Kuna dansi? Hakuna. Nyimbo elfu moja na huwezi kumtoa mwali kwa hata mmoja. Nikamrudishia.

Ila haki ya kidude changu niitoe. Nilikaa Mtongani, na Barabara ya Kilwa enzi hizo ilikuwa na mashimo ambayo abiria tuliyajua mmoja mmoja. Kulikuwa na mwenzetu mwenye kile kiredio cha sidii cha kutembea nacho. Tukiingia shimo, mwimbaji wake anaruka ubeti mzima, tukitoka anarudia kibwagizo. Changu hakina kinachozunguka ndani. Mgongo unalia, meno yanagongana, wimbo unaendelea utadhani wako Zanzibar wamekaa kwenye mkeka. Na kinatumia betri moja tu, ile nyembamba ya rimoti. Ikichoka unaianika juani, ikigoma unaing'ata kidogo, inakusogeza mpaka nyumbani.

Tatizo lilikuwa hedifoni. Mji wetu huu haujazoea mtu kuwa na muziki wake peke yake. Muziki ni wa mtaa: akifungulia mmoja, wanasikia kaya kumi na mgonjwa wao. Ukiziba masikio watu wanaona umewanyima kitu. Vijana wakanipa shikamoo nikapita nayo kama sijaisikia, na kweli sikuisikia. Jioni nikakuta habari imefika kwangu kabla yangu kwamba siku hizi najisikia. Konda akaita "Mtongani!" mara tatu, mimi nimefumba macho niko ubeti wa wifi. Nikashtuka tuko Rangi Tatu, mwisho wa gari, nikalipa nauli ya kurudi.

Na ukikaa nayo kwenye daladala, jirani yako anakuwa na hisa. "Mzee, nipe upande mmoja." Utamnyima vipi? Waya ni mfupi, kwa hiyo mnakaa shavu kwa shavu kama maharusi wanaosubiri picha. Halafu anaanza amri: "Peleka mbele. Huu rudisha. Hii bongo fleva huna?" Mmoja alifika Bendera Tatu akashuka bila kukumbuka kuvua. Tulishuka wote.

Sasa nije kwenye balaa lenyewe. Kidude kilikuwa na uwezo wa kurekodi sauti, na kitufe cha kurekodia kiko ubavuni, mahali ambapo kidole, ufunguo au hata sarafu mfukoni inaweza kukibonyeza. Jioni moja niko kijiweni na wenzangu, kahawa na kashata, nikawa natoa dukuduku. Usiku mke wangu akaomba asikilize nyimbo zake. Akasikiliza ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Halafu akaniambia, "Kumbe uliongeza wa tisa." Mimi nikajibu kwa fahari, "Ndiyo, nimekuwekea."

Wa tisa nilikuwa mimi. Dakika kumi na moja. "Mama mkwe alisema anakuja siku mbili, ndugu zangu, hii ni wiki ya tatu, na jana kauliza kwa nini hatununui kitanda kikubwa." Nyuma wanasikika wenzangu wakicheka na vikombe vikigongana. Mke wangu hakusema neno. Alivua hedifoni, akaipeleka chumba cha pili, akamvalisha mama yake.

Nilipokirudishiwa nikaingia kwenye menyu nifute. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, kioo kikabadilika: maandishi yote Kichina. Vijumba na vidirisha vitupu. Kufuta sijui kuko wapi, kurudisha lugha sijui kuko wapi. Kila nilipojaribu, kidude kilinijibu kwa kumpiga mama mkwe upya. Ikabidi nikubali kwamba ni wimbo wangu.

Wiki iliyofuata kikafa kabisa. Kioo cheusi, ukibonyeza kimya. Nikabadilisha betri, nikaanika, nikang'ata. Nikakipeleka kwa fundi redio. Akakitazama kwa lenzi ya jicho moja, akaguna zile guno zao ambazo kila moja ni elfu moja. "Chipu imepata shoti. Acha siku mbili." Siku ya pili kikawaka, nikatoa 5,000, nikamshukuru na juu yake nikamnunulia soda. Nyumbani mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, akakishika akasogeza kiswichi kidogo cha pembeni kilichoandikwa HOLD. Kikafa. Akakirudisha. Kikafufuka. "Baba mdogo, hii ni ya kufunga vitufe tu visibonyezeke mfukoni." Mimi muda wote nilidhani ni pambo.

Toka siku hiyo nikawa nakifunga muda wote, hata nikiwa nimekivaa. Sikutaka wimbo wa kumi.

Kikaibiwa, lazima kiibiwe. Niko dirishani, gari limesimama kwenye foleni, mkono ukaingia na kamba ikakatika. Nilichobaki nacho ni hedifoni masikioni na waya unaning'inia kifuani. Kibaya zaidi, niliendelea kutikisa kichwa sekunde kama mbili hivi.

Siku nne baadaye niko Mtaa wa Kongo natafuta soksi, nakiona kwenye turubai la mtu wa vitu vya mtumba, katikati ya rimoti na chaja. Kamba imekatika palepale. Nikauliza bei kama mtu asiye na haja. "Chukua elfu mbili mzee, mbovu hiyo, haiwaki, labda utoe spea." Nilipaswa kulipa na kuondoka. Lakini kidole gumba nacho kina kiherehere. Nikasogeza kile kiswichi, nikabonyeza, kikawaka taa ya bluu.

Muuzaji akaiona. "Elfu ishirini."

Nikasema hii ni yangu, nimeibiwa. Akasema kila mtu Kariakoo ameibiwa. Watu wakaanza kusogea. Nikasema ninao ushahidi, humu mna sauti yangu. Nikatoa hedifoni mfukoni, nikachomeka, nikampa. Akasikiliza ananitazama mdomo. Akaanza kutabasamu. Akampa mwenzake upande mmoja. Mwenzake akamwita muuza maji. Zikasikilizwa dakika zote kumi na moja, kwa zamu, mimi nimesimama hapo na jozi ya soksi mkononi.

Ilipoisha muuzaji akauliza kwa upole, "Na bado yupo, mzee?"

Nikasema wiki ya sita sasa, na kitanda tumenunua.

Akatikisa kichwa. Akasema sauti ni yako kweli, ila mali mimi nimenunua kwa hela, kwa hiyo kwa mtihani ulio nao leta 15,000. Nikalipa. Jioni mke wangu akaniuliza, hivi lile lidude ulilinunua bei gani vile? Nikamtazama usoni, nikamjibu bila kupepesa macho.