Mtoto wa Emajensi Hajui Neno "Ukoloni"

Wiki jana kijana mmoja ninayemfahamu alinitumia sura tatu za riwaya anayoandika, hadithi ya mtoto wa miaka saba huko Murang'a, Kenya, mwaka wa 1954, na ameijenga juu ya yale aliyosimuliwa na nyanya yake. Anaandika vizuri, hilo siwezi kumnyima. Lakini kwenye sura ya pili nyumba za watu zinachomwa, mama anavuta mbuzi kwa kamba, moshi kila mahali, halafu huyo mtoto anasimama kando anawaza kwamba wakoloni wamewapokonya watu haki zao na siku moja uhuru utakuja. Hapo nikaacha kusoma. Sio kwamba ni uongo, walipokonywa kweli. Ila mtoto wa miaka saba ambaye kwao kunaungua hawazi haki, anawaza kuku wake yuko wapi.

Hii kitu imenikaa kichwani tangu siku hiyo. Kwa maoni yangu ukiandika utoto wa kijijini chini ya serikali katili, hata kama ni hadithi ya kubuni, usimsahihishe mtoto. Muache na yale aliyoona na yale ambayo hakuelewa, usimpe akili yako ya leo.

Sisi tunajua kwamba Gavana Evelyn Baring wa Kenya alitangaza hali ya hatari, ile watu waliyoiita Emajensi, Oktoba 1952, kwamba ilikuja kuondolewa 1960, kwamba kuanzia katikati ya 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kupangwa kwenye vijiji zaidi ya 800 ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa Mau Mau walioko msituni. Tunajua kwa sababu tumesoma. Mtoto hakuwa na tarehe. Shosho wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa mdogo wakati huo, na ukimuuliza kuhusu kijiji cha Emajensi haanzii kwa wazungu, anaanzia kwa kikohozi. Yaani kabla ya hapo kila boma lilikuwa peke yake kwenye mgongo wa kilima na shamba lake, jirani ukimtaka unampigia kelele ng'ambo ya bonde, sasa ghafla nyumba zimepangwa mistari na usiku unasikia mtu wa nyumba ya tatu akikohoa.

Na kuna jambo alinieleza mara moja tu, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri dhambi. Aliniambia wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Watoto walikuwa wengi! Hakuwahi kuona watoto wengi hivyo mahali pamoja, wakacheza mpaka filimbi ya kafyu ikapigwa, na mama yake siku hizo alikuwa analia na yeye hakuelewa analilia nini. Njaa ilikuja baadaye. Handaki lilikuja baadaye, lile lililozunguka kijiji chote, limejaa miti iliyochongwa ncha, na waliolichimba ni akina mama wenyewe huku homugadi, askari wa kijijini waliokuwa upande wa serikali, wamesimama juu na kiboko.

Hiyo wiki tamu hutaipata kwenye riwaya nyingi kwa sababu mwandishi anaona haya, anadhani akiiweka atakuwa ameisifu serikali iliyowachomea nyumba. Mimi naona kinyume kabisa. Hiyo ndiyo inayouma kuliko kiboko. Mtoto alifurahi ndani ya kitu kilichotengenezwa kumvunja mama yake, na amebeba hiyo furaha miaka sabini bila kujua aiweke wapi.

Halafu kuna gakunia. Wasioijua hii historia, gakunia maana yake ni kagunia, gunia dogo. Watu wanapangwa mstari, mtu analetwa amefunikwa gunia kuanzia kichwani na matundu mawili ya macho, anapita mbele ya kila mmoja, akitikisa kichwa umekwisha, unapandishwa lori unapelekwa kizuizini. Mtu mzima kwenye ule mstari alikuwa anatazama macho, anajaribu kusoma kama ni rafiki au ni adui. Shosho alikuwa mfupi, anasema yeye aliona miguu. Miguu ya mtu anayelala kijiji hicho hicho, anayechota maji mto huo huo. Kijana wangu kwenye sura ya tatu amelivua hilo gunia, ametueleza kabisa aliyekuwa ndani ni nani na alilipwa nini, na mi nilitaka kumwambia rudisha hilo gunia kichwani kwa mtu, tafadhali. Ukiwa mtoto, serikali ni gunia lenye macho. Siku utakapojua ni nani alikuwa ndani utakuwa umeshakuwa mtu mzima, na hiyo ni hadithi nyingine.

Kuna wanaosema basi tuachane na riwaya kabisa, tuandike historia ya kweli na ushahidi. Ushahidi upi? Kabla ya kuondoka 1963 waingereza walichoma mafaili mengi, mengine wakayasafirisha kwao kimya kimya, na ni 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipokuwa wamewashtaki kortini London, ndipo ikakubaliwa kwamba yako Hanslope Park, jengo la serikali yao huko Uingereza. Miaka miwili baadaye serikali yao ikasema inasikitika na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Vizuri. Lakini hata faili lisilochomwa liliandikwa na aliyeshika kiboko. Hakuna faili lenye kikohozi cha nyumba ya tatu.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa mwandishi wetu marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye alikuwa kijana wa miaka 14 hali ya hatari ilipotangazwa. Kwenye riwaya yake A Grain of Wheat ya 1967 kuna kijana kiziwi anaitwa Gitogo, anaambiwa asimame, hasikii, anapigwa risasi. Ukurasa mmoja hivi basi, na wengi tuliusoma shuleni tukapita. Miaka 43 baadaye, kwenye kumbukumbu za utoto wake, Ngũgĩ anaeleza kwamba alikuwa na ndugu wa baba mmoja, kiziwi, aliyeamriwa asimame asisikie, akapigwa risasi. Jina lake Gitogo. Kumbe ukweli ulikuwa umetangulia kuja kama hadithi, na jina lake halikubadilishwa hata herufi moja. Nilipoligundua hilo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Sasa hapa ndipo pagumu. Ukimuacha mtoto aone bila kumsahihisha, ataona pia watu wa kwao. Ataona mjomba mwenye bunduki ya homugadi. Ataona ua wa jirani umesogea ndani ya shamba la mtu aliyeko kizuizini, kwa sababu mashamba yaliunganishwa na kupimwa upya miaka hiyo hiyo wenyewe wakiwa wamefungwa. Na baada ya uhuru wote waliendelea kuishi pamoja, kanisa moja, harusi moja, huku Mau Mau yenyewe ikibaki marufuku kisheria mpaka 2003. Miaka 40 ya uhuru! Ndio maana watu wanapenda mtoto anayesema "wakoloni". Neno hilo halimgusi jirani.

Na sio hapa kwetu tu. Mwandishi Herta Müller aliandika hadithi za utoto wa kijijini huko Romania chini ya wakomunisti, kitabu kikatoka Bucharest 1982 kikiwa kimekatwakatwa na wakaguzi, kikaja kutoka tena Berlin 1984. Serikali ilikasirika, hilo lilitegemewa. Lakini na wanakijiji wenzake walikasirika vilevile, kwa sababu mtoto wake alikuwa ameona walevi, vipigo na unafiki ndani ya nyumba zao wenyewe. Nafikiri wote wawili walikasirikia kitu kimoja, jicho la mtoto ambalo hakuna aliyeliomba ruhusa.

Nilimpigia huyo kijana juzi tukaongea karibu saa nzima. Nikamwomba afute sentensi mbili, ile ya haki kupokonywa na ile inayomtaja mtu wa gunia. Alinyamaza kidogo halafu akaniambia, mzee, yule mtu wa gunia kwenye kitabu ni babu yangu.

Sikuwa na jibu. Jana usiku amenitumia sura upya. Ile ya haki ameifuta, sasa mtoto anatafuta kuku kwenye moshi. Ile nyingine ameiacha, na mi sijamwambia kitu tena.