Simu Nzima, Fundi wa Nini?

Jamani, hapa Moscow, mwaka huu wa 1983, nani amewahi kuletewa fundi bila kumwomba? Bomba langu la jikoni linavuja tangu mwaka juzi, barua nimeandika hadi nimechoka. Leo asubuhi mlango unagongwa: fundi wa simu. Na simu yangu ni nzima!

Mimi ni mhasibu, mtu mzima na heshima zangu, medali ya kazi ninayo. Ila ukuta wa chumba changu cha kulala ndio ukuta wa jirani, mtafsiri wa mashairi, na huyo bwana mashushushu hawamwachi. Usiku anapiga taipureta. Hapigi, anatwanga! Karatasi nyepesi, kaboni katikati, nakala tano sita za kupitishana kwa siri kwa mkupuo, na usipotwanga ile ya mwisho haisomeki. Siku hizi kwa mshindo tu najua leo ni nakala ngapi.

Basi, fundi. Kwanza viatu vinang'aa, na nje theluji imegeuka tope. Pili, hanuki vodka. Fundi wa Moscow, saa nne asubuhi, hanuki vodka! Hapo nikajua nimepata mgeni wa maana.

"Simu iko huku, ndugu."

"Najua," akasema, huyoo chumbani. Akaanza kugonga ukuta. Eti waya unapita humo.

"Waya uko koridoni, ndugu. Ule pale, unaning'inia."

"Huo wa zamani. Jirani unamsikia?"

"Hata chafya yake."

"Na mazungumzo?"

"Wakiwa na wageni wanafungulia maji, wasisikike."

Akaandika. Kwenye kijitabu! Fundi wa simu ana kijitabu na kalamu nzuri kuliko zetu za uhasibu. Nami nikaona bahati haiji mara mbili. Nikasema, ndugu, habari ya maji umeigusa mwenyewe, na bisibisi unayo, nitazamie bomba langu. Atakataaje, na yeye ni fundi? Akalishika kwa vidole laini kama vya mpiga kinanda, akazungusha upande usiofaa. Maji yakaruka hadi darini. Akavua ovaroli iliyolowa, kumbe ndani kuna tai! Akakimbilia simu yangu, akasema maneno mawili, na kabla sijapata ndoo wakaingia wengine wawili, wakavu, viatu vinang'aa. Wote watatu wakasimama kulitazama bomba.

Watu watatu wa kusikiliza ukuta mmoja, na hakuna wa kufunga maji! Alikuja kulifunga jirani mwenyewe, mtafsiri, na kitambaa na kipande cha mpira. Wakamshukuru kwa adabu. Akawaambia karibuni, kana kwamba hawakujikaribisha zamani.

Volga nyeusi, gari la mashushushu, bado iko uani, palepale tunapopigia mazulia vumbi.

Na huko mji wa Gorky, alikohamishiwa kwa nguvu mwanafizikia Sakharov, mkosoaji wa serikali, je? Tangu Januari 1980 yeye, mtu aliyeitengenezea nchi hii bomu la haidrojeni, ana polisi mlangoni. Redio za nje, ukizipata katikati ya mavumo ya kuzizuia, zinasema begi la maandishi yake liliibwa kwa daktari wa meno mwaka 1981, likaibwa tena garini mwaka jana. Mzee anakaa, anaandika upya. Jirani ameninong'oneza ngazini kwamba mwaka 1961 KGB, polisi wa siri, walimwendea mwandishi Grossman wakabeba riwaya, kaboni, na utepe wa taipureta. Utepe! Sisi ofisini tunaomba utepe tangu Septemba.

Na sasa aliyeiongoza KGB miaka 15, Ndugu Andropov, ameshika nchi nzima, tumefika pa kupumulia? Polisi wanaingia madukani, sinema, hadi kwenye mabafu ya mvuke, kuuliza mbona hauko kazini. Mtu yuko uchi, anaombwa vitambulisho! Ataviweka wapi? Foleni sasa tupange lini? Ukitoka kazini bidhaa zimekwisha, ukitoroka unakamatwa. Jana nilisikia kuna kofia za manyoya karibu na kituo cha treni, nikaomba ruhusa ya meno. Nimesimama saa mbili nzima, baridi inauma masikio, nafika dirishani zimebaki namba 54. Kichwa changu ni 60. Muuzaji ananiambia nichukue tu, nitampa mtoto. Sina mtoto! Nimechukua mbili.