Nililia "Mama", na Mama Alikuwepo

Kwa kuwa shemeji yangu ameshaisambaza habari hii katika kundi la WhatsApp la ukoo, tena kwa ujumbe wa sauti wenye kuniigiza, naona ni haki yangu kuieleza mwenyewe kabla haijafika Bombo kwa wazazi wangu. Nakiri mapema kwamba nilipiga kelele. Nakiri pia kwamba mimi, mwanamume mwenye ndevu na watoto wawili, ni mlevi wa zile riwaya za mapenzi za kigothi, ambamo msichana asiye na kwao hupata kazi katika jumba la mawe lililozungukwa na ukungu, akampenda mwenye jumba, kisha akaanza kusikia hatua za mtu juu ya dari. Niliyokuwa nayo safari hii ni *Jane Eyre*, nikiwa nimeifunika jalada kwa gazeti la michezo. Msinicheke: Charlotte Brontë mwenyewe alipoitoa mwaka 1847 alijificha nyuma ya jina la Currer Bell.

Raha ya vitabu hivyo ni kwamba hofu inabaki nyumbani kwa mwenzio. Mishumaa inazimika kwao, milango inalia kwao, wewe umejifunika blanketi. Kosa langu lilikuwa kukisoma Fort Portal, magharibi mwa Uganda, katika nyumba kuukuu ya mama mkwe iliyo karibu na maziwa ya kreta, ambako ukungu hauhitaji kusimuliwa na Mwingereza. Na huko hawana upungufu wa visa vya namna hiyo. Si mbali na mji yapo mapango ya Amabere ga Nyina Mwiru, yenye jina la binti ambaye baba yake, Bukuku, alimfungia ndani kwa kuogopa utabiri wa waganga, lakini mgeni akapenya hadi kwake, na mtoto aliyezaliwa ndiye aliyekuja kumuua babu yake. Mke wangu alinisimulia hayo jioni hiyo, kisha akalala fofofo.

Hatukukusudia kulala pale. Ninyi mliokulia Buganda au jirani yake, kama mimi, mnajua kwamba mkwe na mama mkwe hawagusani, na kulala chini ya paa moja si jambo la kujivunia. Lakini mvua ilikuwa imeiharibu barabara.

Saa tisa za usiku umeme ulikuwa umekatika, nami nilikuwa nasoma kwa tochi ya simu, mahali pale ambapo kicheko kinasikika nje ya mlango wa Jane. Ndipo huko nje kikaanza kitu. Kwanza kilikuwa kama bawaba yenye kutu inayofunguliwa taratibu, tena na tena, kila mara juu kidogo kuliko mwanzo. Kisha kikageuka kuwa ukelele wa mtu anayenyongwa. Nilijivika shuka, nikakibana kitabu kwapani kwa kuwa ndicho kitu kizito nilichokuwa nacho, nikatoka ukumbini.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na mwanga. Mwanga ule ulikuwa unatembea. Nyuma yake niliona weupe mtupu, kuanzia utosini hadi sakafuni, usio na miguu, na katikati ya weupe huo uso uliomulikwa kutoka chini. Nilitaka kurudi nyuma. Shuka likakataa, kwani nilikuwa nimelikanyaga. Nikaanguka mbele, na katika kuanguka mikono yangu ikatafuta cha kushika, ikakipata, na kilikuwa na joto. Kilikuwa kiuno. Shemeji anadai nililia "Mama nakufa!" Huo ni uzushi. Nililia "Mama!" tu, na kwa kuwa niliyemkumbatia alikuwa mama mkwe, katika vazi lake la kusalia na chemli mkononi, naomba ieleweke kwamba nilimwita kwa jina lake halali.

"Baba," aliniambia kwa upole ulioniumiza kuliko kofi, "niachie nikatawadhe. Huyo anayelia nje ni perere."

Perere, ndugu zangu, ni mnyama wa mtini mwenye ukubwa wa sungura, ambaye wataalamu wanasema ni jamaa wa tembo. Sauti yote ya ukoo huo nadhani alirithi yeye.

Yaliyofuata ni mafupi: nyumba nzima iliamka, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, nami nilikunywa chai yangu ndani ya gari, dirisha likiwa limefungwa. Tulipofika Mubende ndipo nilipokumbuka kitabu. Nimemtuma shemeji akidai, akarudi mikono mitupu: mama mkwe, mwalimu mstaafu, amekwisha kulivua lile gazeti na amefika katikati, na ametoa agizo kwamba mtu yeyote asithubutu kumwambia nani anaishi ghorofa ya juu.