Nani ataliuliza swali la kichwa?

Maswali ya mashabiki kwa huyu mwandishi mliyemhoji, wa kipindi cha vikaragosi vya kukejeli siasa The XYZ Show, ni yale yale: mheshimiwa gani alinuna, nani alipiga simu. Sawa, kipindi kilianza Kenya 2009, wanasiasa wakichambwa hadharani kwa vikaragosi vya mpira, na mwanzilishi wake, mchora katuni Gado, ni mzaliwa wa Dar, kwa hiyo utamu wa siasa upo. Mimi wa Newala ningemuuliza anauandikiaje mzaha uso usiokunja ndita. Huku kwetu anayecheza lipiko, kinyago cha Wamakonde cha kuvaa kichwani, huchungulia kupitia mdomo wa kinyago, macho ni pambo tu; watu wanavunjika mbavu kwa mabega na miguu yake. Sasa kikaragosi hana hata miguu! Mwandishi anaandika maneno tu, au na kichwa kitikisike wapi? Mhariri, mkimrudisha mwulizeni hilo kwanza.