Kabla hujaagiza gundi ya kung'aa, ulizia mabua ya mtama

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia, magrupu ya WhatsApp ya wazazi hapa Dodoma huanza kujaa video. Mama wa Kizungu mwenye meza nyeupe isiyo na hata tone la uji anaonyesha namna ya kutengeneza kiwavi wa karatasi, na chini yake wazazi wenzangu wanaulizana: hivyo vijicho vya plastiki vinapatikana wapi? Gundi ya kung'aa ipo mjini au tuagize Dar? Haipiti muda utawasikia walewale wakisema kazi za mikono ni ghali, afadhali ununue gari la plastiki yaishe.

Ghali ni kweli, kwa sababu tumeanzia pasipo petu. Yule mama amechukua vilivyozagaa nyumbani kwake. Ukimfuata hatua kwa hatua ukiwa Nkuhungu au Ipagala, kilichokuwa cha bure kwake kinakuwa cha nauli na oda kwako. Msimamo wangu ni huu: cha kutengeneza na mtoto kichaguliwe kutokana na kilichopo ndani, sokoni na shambani kwa msimu huo. Video iangaliwe kwa burudani, basi.

Na msimu wenyewe unatupendelea. Mvua zetu huku kati ni za mkupuo mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo shule zinapofungwa Juni mtama na uwele umeshavunwa au unavunwa, mabua yamekauka, na ng'ombe hawajayamaliza. Sijui kifaa cha kuchezea kinacholishinda bua la mtama. Chukua lililonyooka, likate kati ya pingili na pingili. Ganda la nje linabanduka kwa ukucha, linatoka ukanda mrefu, mgumu, unaong'aa. Ndani kinabaki kiini cheupe, chepesi, kinachobonyea ukikiminya. Hapo umeshapata karakana nzima: kiini ni mbao, ganda ni msumari. Unachonga ncha ya ganda, unaichoma kwenye kiini kimoja hadi itokee na kuingia kwenye kingine, na vinashikana bila gundi yoyote. Virefu viwili na vifupi vitatu vinatoa chasisi. Magurudumu ni visoda vilivyotobolewa kwa msumari, au viduara vya kiini chenyewe kama huna visoda. Mtoto akitaka miwani, nyumba, kitanda au ndege, utaratibu ni uleule wa kuchoma na kuunganisha. Watu wazima waliokulia Mpwapwa au Kondoa ukiwawekea bua mezani wanaanza kutengeneza miwani kabla hujawaomba, na mara nyingi inabidi uwanyang'anye ili mtoto naye apate zamu.

Ganda hilo linakata, tena linakata vibaya. Kwa mwenye miaka mitatu au minne, mkubwa abandue, yeye achome. Mwenye miaka saba mimi namwachia abandue mwenyewe nikiwa karibu. Atajua pa kushika.

Najua kuna atakayesema yeye ni mtumishi, amehamia na wizara, shamba hana. Sawa, lakini Dodoma bado haijawa Kariakoo. Toka kidogo kuelekea Ihumwa, Mkonze au Nzuguni utakuta mashamba kandokando ya nyumba mpya. Na kila anayekwenda Bahi, Kongwa au Mvumi kwenye msiba au harusi anaweza kurudi na mzigo mdogo wa mabua kwenye buti la gari. Atachekwa na shemeji zake, lakini atakuwa amenunua likizo nzima kwa bei ya kuchekwa.

Maboksi sina haja ya kuyaeleza sana, kila mtu anayajua. Niseme tu kuhusu gundi: kijiko cha unga wa ngano au sembe, maji, koroga motoni hadi uwe uji mzito, acha upoe. Inashika karatasi na boksi vizuri. Tatizo lake ni kwamba panya nao wanaipenda, kwa hiyo usitegemee nyumba ya boksi ifike Krismasi. Na mpira wa mifuko ya rambo tuliouzoea sisi ndio umekufa, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa na kufungwa kamba inatosha, na haivunji kioo cha jirani.

Lipo jambo moja kwenye video hizo linalonishangaza: udongo wa kuchezea uliokandwa kwa unga wa ngano, chumvi kikombe kizima, na rangi. Vikombe viwili vya ngano vichezewe kisha vitupwe? Na mtoto mdogo akionja, ile chumvi yote inaingia tumboni? Wakati kichuguu kipo nyuma ya nyumba! Udongo wa kichuguu unanata na kukandika. Mafundi majiko na wafyatua tofali wanaujua siku nyingi. Utwange, toa vijiwe na mizizi, loweka kidogo, kanda hadi usishike viganja. Kisha mwache mtoto.

Huku Ugogoni mtoto akipewa udongo anatengeneza ng'ombe kabla ya mtu. Ng'ombe mwenye nundu, maana wa kwetu wana nundu. Mpwa wangu mmoja alinitolea zizi zima, kila ng'ombe na tabia yake: huyu mkorofi, huyu ana ndama, huyu wa mahari. Pembe za udongo hukatika zikikauka, ndiyo maana mwiba wa mgunga unafaa zaidi, ukishavunjwa ile ncha kali. Ng'ombe hao wakaushwe kivulini. Hewa yetu ni kavu na jua halina huruma, ukiwaanika juani mapema, jioni utakuta wamepasuka mgongo. Na mikono ioshwe kwa sabuni, minyoo haina utani.

Sasa niseme la shule, maana hapo ndipo ninapokasirika. Shule moja hapa mjini iliagiza watoto wa chekechea walete nyumba ya maboksi Jumatatu. Jumatatu zikaja nyumba zenye rangi mbili, madirisha ya nailoni, mabati ya karatasi ya fedha. Baba mmoja alimlipa fundi seremala, na wala hakuficha. Mtoto wa jirani yangu alikuja na yake aliyoibandika mwenyewe, imelalia upande mmoja, mlango umekaa karibu na paa kwa sababu, alivyoeleza, maji ya mvua yasiingie. Ikapangwa nyuma, isionekane wageni wakija. Mimi ningeitoa mbele. Ndiyo pekee pale iliyokuwa na mtu ndani aliyefikiria mvua. Namhurumia mwalimu mwenye darasa lililofurika anayetaka ukuta upendeze siku ya wazazi, lakini kazi iliyonyooka sana mkononi mwa mtoto wa miaka mitano siyo ya kwake, na yeye mwenyewe anajua siyo ya kwake. Mzazi akishindwa kuzuia mkono, atengeneze nyumba yake pembeni.

Kelele nazo ni kazi ya mikono. Chupa ya maji yenye punje za mtama ni manyanga tayari, na kopo lenye kijiti na uzi uliokazwa litatoa sauti fulani hata kama si nzuri. Katika mkoa uliomzaa Hukwe Zawose, aliyezunguka dunia na marimba na zeze za Kigogo hadi alipofariki mwaka 2003, mzazi akisema kelele za watoto zinamuumiza kichwa namwelewa, ila simwonei huruma sana.

Tuje kwenye vya kula. Hapa kanuni ni ileile, pamoja na nyongeza: mtoto apewe kazi halisi, asipewe kijiko cha kuzugia. Kwenye kashata za karanga kazi yake iko kabla ya moto. Kaanga karanga, ziache zipoe kabisa, zimwage kwenye ungo, umkalishe mkekani. Azisugue kwa viganja maganda yatoke, halafu apepete. Mara ya kwanza atapuliza kwa mdomo, maganda yatamrudia usoni na kunasa kwenye nywele. Mpeleke uani upepo umsaidie, na Dodoma mwezi wa sita na wa saba upepo hatudaiwi. Achambue pia: iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, yote pembeni. Hilo usilichukulie kama mchezo wa kumpotezea muda. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nazo hushambuliwa na ukungu huohuo. Kukaanga hakuimalizi sumu hiyo.

Baada ya hapo mtoto akae mbali. Sukari kikombe kimoja kwa karanga vikombe viwili, sukari iyeyuke yenyewe kwenye sufuria juu ya moto mdogo hadi iwe rangi ya asali, karanga ndani, geuza haraka, mwaga kwenye ubao uliopakwa mafuta, sukuma kwa chupa, kata ingali ya moto. Sukari iliyoyeyuka inaunguza kuliko maji yanayochemka na inaganda kwenye ngozi, kwa hiyo sibembelezwi na mtu hapo. Wenye umri chini ya miaka mitano karanga zao zitwangwe kwanza, nzima zinapalia.

Ubuyu ndio usiotuhitaji kwenda mbali. Mibuyu imejaa kila upande, na Soko la Majengo utaupimiwa kwa kopo. Ule mwekundu wa kwenye vipakiti watoto wanaupenda, ila nyingine hutiwa rangi ambayo hata muuzaji hajui ilikotoka. Wa nyumbani loweka rozela kwenye maji ya moto, chuja, tia sukari uchemshe na hayo maji mekundu hadi yaanze kunata, weka hiliki, chumvi kidogo sana, pilipili kwa wanaojiweza, kisha mwaga ubuyu na ugeuze hadi kila punje ishike. Rangi ya rozela hubaki nyekundu penye uchachu, na ubuyu hauna upungufu wa uchachu. Hautang'aa kama wa dukani. Watoto watagoma siku ya kwanza, siku ya pili wataiba.

Kwa wadogo, ambao mbegu zinaweza kuwapalia, kuna barafu. Loweka ubuyu kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa hadi vuguvugu, fikicha kwa mkono hadi unga uachie, chuja, tia sukari, mimina kwenye vikombe vidogo, chomeka kijiti, weka kwenye friza. Asiye na friza anywe juisi hiyohiyo, haina upungufu wowote.

Mbegu zinazobaki kwenye chujio zisugue kwa mchanga, zioshe, zianike. Kesho yake chimbeni mashimo ya bao uani, kete mnazo. Zihesabuni kabla na baada ya mchezo, hasa kama yupo anayetambaa.